Kipuri cha Keko, jina la London

Mpenzi msomaji, kama una mjomba ambaye watoto wa mtaani wanamwita babu, na chumbani kwake kuna kabati la nguo lililofika darini, nakuomba upande kiti utazame kilichoko juu yake. Mie nilipanda. Mpaka leo nina vumbi puani na kesi moyoni.

Ilikuwa hivi. Mwenye nyumba wangu wa Tandika, mzee mpole asiyepandisha sauti hata timu yake ikifungwa, alinijia asubuhi akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Nilichokuwa nacho mfukoni ni nauli ya daladala na maneno matamu. Nikaamua kwenda kwa mjomba, Temeke Mwisho. Si kukopa, jamani! Mtu hakopi kwa mjomba, anakwenda kumsalimia.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Unadaiwa shilingi ngapi?”

Ndivyo alivyo mzee wangu huyo. Zamani alikuwa mpiga picha, mwenye studio ya chumba kimoja na pazia lililochorwa bahari na ndege ya abiria. Nusu ya Temeke imesimama mbele ya pazia hilo ikiwa imevaa koti la kuazima. Siku hizi macho yake yana mtoto wa jicho, na daktari amempangia tarehe ya upasuaji. Akaniambia pesa hana, ila juu ya kabati upo mzigo. “Ushushe. Ukiweza kuufanya upige picha moja, ni wako, kauuze. Lakini picha kwanza.”

Picha ya nani? Ya mkaza mjomba. Miaka yote ya ndoa yao, mama wa watu hajawahi kukaa mbele ya kamera hiyo. Fundi viatu hutembea peku. Picha alizonazo ni za vitambulisho tu, zile ambazo kila mtu anafanana na mtuhumiwa. Na mjomba anataka kuiona hiyo picha kabla hajalala juu ya kitanda cha upasuaji, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, kisu hakina undugu.

Basi bwana, nikaushusha mzigo. Kamera ya mbao na shaba ya Kiingereza, ya kusimama kwenye miguu mitatu, ile ambayo mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi kichwani kama anayejifukiza mafua. Filamu yake ni bapa kubwa la inchi 4¾ kwa 6½, yaani kama sentimita 12 kwa 16.5. Wazee walikuwa na sababu ya ukubwa huo. Negativu ikiwa kubwa, unailaza juu ya karatasi, unaimulika, picha inatoka kwa ukubwa uleule bila mashine ya kukuzia. Ndivyo alivyofanya Seydou Keïta pale Bamako, Mali, kuanzia mwaka 1948 hadi 1962, kwa negativu za sentimita 13 kwa 18, na leo picha zake zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa Ulaya na Marekani. Hapa kwetu, pale Mji Mkongwe Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zake ndizo zinazotuonyesha Unguja ya wakati huo ilivyokuwa.

Sasa ya mjomba ilikuwa kimeo. Kioo cha nyuma kimevunjika. Mende wametoboa ule mfuko wa makunjo unaofunguka na kufunga kama kodiani. Ubao unaoshika lenzi umeliwa na mchwa. Pete ya shaba inayokaza lenzi kwenye ubao haionekani. Kifuniko cha lenzi hakipo. Na makasha ya kubebea filamu, ambayo zamani yalikuwa sita, limebaki moja, nalo ni gofu. Limeandikwa namba 3.

Kabla sijajifuta vumbi, mshikaji wangu mmoja mwenye mdomo mrefu alishampigia dalali wa vitu vya kale, wale wanaopamba hoteli na migahawa. Akaja na gari lenye kiyoyozi. Akaizunguka kamera kama mtu anayenunua mbuzi wa Idi. “Ilivyo hivi, laki nne. Ikiwa na vipuri vyote na bamba la jina la mtengenezaji wa London hapo mbele, laki nane.”

Nikamwambia bamba halipo, tundu za misumari tu ndizo zimebaki. Akacheka. “Bamba linachongwa, kijana. Jina nitakuletea mimi. Mgeni hapigi picha nayo, anaitazama huku anakula prawns.”

Laki nane! Miezi sita ya kodi na chenji ya kumwalika mtu chipsi kuku. Nikaona neema imenishukia. Nikabeba gofu zima kwenye mfuko wa salfeti nikaelekea Keko.

Kama hujui Keko, wewe si mtoto wa mjini. Kitanda ulichozaliwa juu yake huenda kimetoka pale. Ukishuka tu barabarani unapokewa na harufu ya mninga na randa zinaimba. Nikampata fundi mmoja mtu mzima, penseli sikioni, nikamwaga vitu vyangu mezani. Akavitazama kimya, kisha akauliza swali ambalo limenizunguka mpaka leo:

“Hii inataka kupiga picha, au inataka kukaa kabatini?”

Nikamuuliza kuna tofauti gani. Akasema ya kukaa kabatini anaimaliza kesho. Ya kupiga picha, inabidi kwanza nimweleze kila kipande kina kazi gani. Nikawaza laki nane, nikawaza mkaza mjomba. Mdomo wangu ukasema wenyewe, “Kupiga picha, fundi.”

Hapo ndipo nilipoanza shule. Mwalimu alikuwa mjomba, amekaa kwenye mkeka na macho yake ya ukungu, akishika kila kipande kwa vidole.

Tulianza na kioo. Kile cha nyuma ndicho mpiga picha anachotazamia, nacho lazima kiwe na ukungu upande mmoja ili sura itue juu yake. Kioo kitupu sura inapita tu. Nikanunua vipande viwili vya kioo chembamba, na kutoka gereji nikapata dawa ile ya kusagia vali za injini. Unapaka dawa na maji kidogo, unalaza kioo juu ya kioo, unazungusha mkono kama anayesaga rangi. Nusu saa ya kuzungusha, bega likaniuma, lakini vioo vyote viwili vikatoka na ukungu mwororo kama wa asubuhi ya Lushoto. Ukungu unakaa upande wa lenzi, na ukiugeuza umeharibu kila kitu. Utaona kwa nini.

Mfuko wa makunjo tuliupima usiku. Tukazima taa za nyumba nzima, tukatia balbu ndani yake. Loo! Tukaona nyota za mbinguni. Kila tundu la mende lilikuwa nyota, na kila nyota moja ingetosha kuchoma alama kwenye filamu. Fundi viatu wa Tandika akabandika ngozi laini nyeusi ya mbuzi kwenye kona zilizotoboka, kwa gundi isiyokakamaa, ili makunjo yaendelee kukunjika. Ndani tukapaka rangi nyeusi isiyong'aa. Tukapima tena, tukapata nyota mbili. Mara ya tatu, giza tupu.

Pete ya lenzi ilinipeleka Gerezani, kwa wakereza vyuma. Uzi wa lenzi za Kiingereza za zamani ni wa inchi, na nati zetu nyingi za siku hizi ni za milimita. Zinaweza kukaribiana ukadhani zinaingia, mzunguko wa pili zinakwama, wa tatu umeshaua uzi wa shaba ambao hauna mwenzake. Mkereza alihesabu meno ya uzi kwa kipimo chake cha bamba zenye meno mara mbili, hakutaka kusikia haraka yangu. Shaba akaipata kwenye koki nzee ya maji iliyotoka kwa muuza vyuma chakavu. Pete ikaingia kama kifuniko cha kalamu.

Ubao wa lenzi fundi wa Keko aliufanya kwa mninga mkavu, na nyuma yake akaacha ngazi ya kuziba mwanga. Kifuniko cha lenzi tulikipata kwenye kopo la mafuta ya kupaka la mkaza mjomba, tukatia kitambaa cheusi ndani. Kamera hiyo haina kifyatulio. Unavua kifuniko, unahesabu, unarudisha. Basi.

Likabaki kasha la filamu. Fundi alichukua lile gofu la namba 3, akalipima kila upande, akachonga jipya. Msomaji wangu, lilikuwa bomba! Viungo havionekani, kipande cha kuvuta kinateleza kama droo ya benki. Ungeyaweka mawili pamoja usiku, ungetofautisha kwa harufu tu. Dalali nilipomtumia picha kwa simu akajibu neno moja: “Tayari.”

Filamu je? Hapo mjomba alinichekesha. Filamu za kamera kubwa bado zinatengenezwa, Ilford ya Uingereza mpaka leo inafungua dirisha la kuagiza saizi za ajabu mara moja kwa mwaka. Lakini mpaka ifike Temeke, pesa yake ni kodi nyingine. Mjomba akasema, “Nenda kanunue eksirei.” Naam, filamu ya mifupa! Hospitali nyingi zimehamia kwenye kompyuta, lakini maboksi ya filamu bado yapo kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Bapa la sentimita 18 kwa 24 ukilikata katikati unapata mawili ya 12 kwa 18, ukipunguza sentimita moja na nusu, umepata saizi ya mjomba kamili. Nyingi haziogopi taa nyekundu, kwa hiyo tulizikata chooni tukiwa na balbu nyekundu. Tatizo ni kwamba zina dawa pande zote mbili, ukiigusa kwa kucha umeichora. Ya kwanza niliichora ramani ya mkoa mzima.

Siku ya picha mkaza mjomba alivaa kanga mpya, akakaa kwenye kiti cha mninga kivulini uani. Mjomba akajifunika kitambaa. Kwa macho yale haoni vizuri, kwa hiyo mie ndiye niliyelenga, nikihakikisha kope za mama zinaonekana moja moja kwenye kioo. Akavua kifuniko, moja, mbili, akarudisha. Tukaisafisha picha chooni.

Uso ulikuwa kama unatazamwa kupitia chandarua. Lakini mgongo wa kiti! Mishipa ya mbao unaihesabu.

“Umetikisika,” mjomba akamwambia mkewe.

“Sijatikisika hata pumzi!” Na kweli hakutikisika, mie nilikuwapo.

Tukarudia. Vilevile. Mjomba akanyamaza, kisha akaniagiza chupa tatu za soda. Tukazipanga juu ya meza moja nyuma ya nyingine, zikiachana kama rula ya mwanafunzi, sentimita 30. Nikalenga ya katikati mpaka maandishi yakasomeka. Tukapiga, tukasafisha. Ya katikati imefifia. Ya nyuma ndiyo inasomeka.

Mzee akapiga goti. “Kasha linasema uongo.”

Akanieleza. Kioo cha ukungu na filamu ni watu wawili wanaokalia kiti kimoja kwa zamu. Unalenga kwa kioo, unakitoa, unaweka kasha. Filamu lazima ikae palepale ulipokuwa upande wenye ukungu wa kioo, isisogee mbele wala nyuma. Kwa kamera za Kimarekani za inchi 4 kwa 5 mambo yamewekewa kiwango, kina cha kasha ni inchi 0.197, karibu milimita 5, ndiyo maana kasha la huyu linaingia kwa yule. Za Kiingereza za zamani hazina kiwango kimoja. Kila kamera ilitoka kiwandani na makasha yake yaliyopatanishwa nayo, yakapigwa namba. Ndiyo ile namba 3.

Tukalaza rula juu ya fremu ya kioo, tukashusha kijiti cha meno mpaka kiguse ukungu, tukatia alama. Tukafanya hivyo kwenye kasha jipya mpaka kwenye filamu. Tofauti ni milimita 2. Kwa lenzi ya mjomba, milimita 2 pale nyuma ni kama sentimita 30 kule mbele. Ni pua ya mama kwenda mgongo wa kiti.

Nikarudi Keko nimekasirika, nikidhani fundi amenizuga. Akalitoa gofu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mbele, akatikisa kichwa. Ukingo ulikuwa umeliwa na mchwa kwa usawa, vizuri kabisa, kama umepigwa randa. Fundi wa watu alinakili kila kitu sawasawa, pamoja na ugonjwa! Alipima kipande, hakupima kazi ya kipande. Kwani mie nilimweleza? Nilimwambia tu, “Nifanyie kama hiki.”

Akabandika vipande vyembamba vya milimita 2 kwenye uso wa kasha, akaziba mwanga kwa kitambaa cheusi, akapima kwa kijiti mara tatu mbele yangu. Halafu akatoa patasi, akachonga herufi za jina lake ubavuni na neno “Keko”.

“Aa fundi, usiandike! Mteja anataka la London.”

Akanitazama kama baba mkwe. “La London lilikuwa lile lililoliwa. Hili likikosea, London ataulizwa nani?”

Nilitembea kutoka Keko mpaka Chang'ombe bila kupanda gari, nikiwaza. Sisi vijana tumelelewa na feki. Kiatu feki, simu feki, mpaka tabasamu feki. Tume ya Ushindani, FCC, inachoma na kuteketeza mali za namna hiyo kila mara, na Sheria ya Alama za Bidhaa tunayo tangu mwaka 1963. Kwa hiyo tukisikia kitu kimechongwa Keko, tunasema ni feki. Lakini ile pete ya koki imekaza lenzi kweli. Lile kasha sasa linasema kweli. Ni kopi zinazofanya kazi, zina mwenyewe, na zikiharibika unajua mlango wa kubisha hodi. Uongo ungeanzia kwenye bamba. Na bamba, msomaji, ndilo kipuri pekee katika kamera nzima ambacho hakina kazi yoyote kwenye picha. Ndicho kilichopandisha bei mara mbili!

Tusijidanganye pia kwamba mitambo inakufa kwa uzee tu. Wale mnaokumbuka paspoti saizi za papo hapo, Polaroid ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu zake. Kamera nzima zisizo na kosa zikageuka vizuizi vya mlango. Huko Brighton, Uingereza, kampuni iitwayo Intrepid imekuwa ikiunda kamera kubwa mpya za mbao tangu mwaka 2014, na wapenzi wa kamera duniani wanachapa mbao za lenzi kwa mashine za plastiki. Sisi tuna Keko, Gerezani na fundi viatu wa Tandika, nauli ya kuwafikia wote haifiki elfu tano.

Turudi uani. Mama akakaa tena kwenye kiti, safari hii amenuna kidogo kwa kusumbuliwa. Moja, mbili. Ilipotoka kwenye maji, nikaipiga negativu kwa simu, nikageuza rangi, nikakuza. Kope. Kovu dogo la kidevuni. Uzi uliolegea kwenye pindo la kanga. Mjomba akaishika simu karibu na pua mpaka kioo kikapata mvuke. Hakusema kitu muda mrefu.

“Ndiyo nimezeeka hivi?” mkaza mjomba akauliza.

“Kaa kimya,” akajibu mumewe. “Ninatazama.”

Dalali nilimpigia mwenyewe. Nikamwambia kamera inapiga picha, vipuri ni vya Keko na vimeandikwa hivyo, bamba hakuna. Akasema basi ni ileile laki nne. Nikamwambia mjomba. Akasema ahadi ni ahadi, picha nimepata, kamera ni yako, uza. Nami nikaenda kwa mwenye nyumba nikapiga magoti, akakubali miezi mitatu kwanza, ambayo nimeilipa kwa kuuza redio yangu kubwa yenye spika mbili. Miezi mitatu mingine naitafuta. Kamera ipo chumbani kwangu, imesimama kwa miguu mitatu palipokuwa redio, na majirani wawili wameshauliza picha ya familia ni shilingi ngapi.

Upasuaji wa mjomba ni Jumanne ijayo. Ameniagiza boksi jingine la eksirei, na amesema akifunguliwa bandeji anataka kulenga mwenyewe.

Nanyi wenzangu mlio na mizigo juu ya makabati: msitupe makasha yenye namba hata kama ni magofu, na mkienda kwa fundi msiseme “nifanyie kama hiki”. Mwelezeni kinafanya nini. Tukutane wiki ijayo, kama mwenye nyumba atakuwa bado hajanitoa.